UZI: Bastola ndogo za mfukoni zenye risasi za kipekee (.32 NAA, .25 NAA, .30 Super Carry n.k.), zina tija kweli?

Mwana_Houston (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Kwa wale wanaozijua silaha kiufundi.

Hapa Texas kuna North American Arms Guardian inauzwa, used, inayotumia risasi ya .32 NAA. Inakuja na magazini mbili na maboksi manne ya risasi, kila boksi risasi 20. Kwa bei, iko chini ya Guardian ileile ya .380. Hali yake nzuri, mtutu msafi.

Swali langu si kama bastola ni nzuri. Swali ni risasi. Kuna mantiki ya kubeba kitu ambacho risasi yake inatengenezwa na viwanda vya kuhesabika kwa vidole? Na hizo namba wanazotangaza za "kasi kubwa kwenye mtutu mfupi" zina maana gani kwa mtu wa kawaida? Tafadhali msiniambie "chukua Glock" mkaishia hapo. Nipeni sababu.

---

Fundi Kufuli

Mkuu, tuanze na chenyewe ni nini. .32 NAA ni ganda la .380 ACP (Automatic Colt Pistol) lililobanwa shingo ili lishike kichwa cha .32. Ilitoka 2002, North American Arms wakishirikiana na kampuni ya risasi ya Cor-Bon. Urefu wote wa risasi unalingana na .380, kitako ni kilekile, kwa hiyo magazini na slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma bastola ikipiga) za .380 zinaipokea. Tofauti kubwa iko kwenye mtutu.

Namba nitaziweka kwa gramu na mita kwa sekunde, nguvu kwa jouli. Ni takriban, za viwandani:

.25 ACP: kichwa gramu 3.2, kasi 232, jouli 87
.32 ACP: gramu 4.6, kasi 275, jouli 174
.25 NAA: gramu 2.3, kasi 366, jouli 152
.32 NAA: gramu 3.9, kasi 366, jouli 260
.380 ACP: gramu 6.2, kasi 291, jouli 261

Angalia mistari miwili ya mwisho. Kasi ya 291 ya .380 hupimwa kwenye mtutu wa karibu inchi 3.75. Guardian ina mtutu wa inchi 2.5 tu, na humo .380 hushuka hadi kwenye 260 hivi, yaani jouli 208 au pungufu. Hapo ndipo watetezi wa .32 NAA wanaposimamia hoja yao, na kwenye karatasi hawajakosea.

---

Ras Goba

Kwa hiyo inaipita .380. Sasa tatizo liko wapi?

---

Fundi Kufuli

Tatizo ni kwamba jouli zinapendelea kasi. Kasi inajizidisha yenyewe kwenye hesabu, uzito hauzidishwi. Ukipima msukumo, yaani uzito mara kasi, picha inageuka: .32 NAA ina 1.42, .380 hata ikishushwa hadi 260 inabaki na 1.6. Na kinachoamua kichwa kiingie kina gani ni huo msukumo pamoja na umbo la kichwa.

Kichwa chepesi chenye tundu kwenye ncha, kikipigwa kwa mita 366, kinachanua haraka. Kikichanua kinakuwa kipana, kikiwa kipana na chepesi kinasimama mapema. Kipimo ambacho FBI wanakitumia ni sentimita 30 hadi 46 kwenye jeli ya majaribio. Vichwa vya gramu 3.9 vyenye tundu mara nyingi huishia kabla ya 30. .380 nayo hupata shida hiyohiyo ikiwa na kichwa chenye tundu, lakini .380 unaweza kuibadilishia kichwa ukachagua kati ya aina nyingi dukani. .32 NAA unachukua ulichokikuta.

Faida halisi ya kuwa na msukumo mdogo ni kwamba slaidi inarudi kwa nguvu kidogo, mkono unaumia kidogo. Mlio na mwako ndio havipungui. Mtutu mfupi na kasi kubwa, usiku utaona.

---

Mzee wa Maganda

Kuna upande mmoja ambao .32 NAA inastahili sifa, na watu huuruka: jinsi inavyopanda kwenye chemba, pale risasi inapokaa kupigwa.

.32 ACP ya Browning ina ukingo uliotokeza kidogo kwenye kitako. Ilichorwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa kichwa cha mviringo kilichofunikwa chote. Ukiweka risasi za kisasa zenye tundu, ambazo ni fupi, zinabaki na nafasi ndani ya magazini, zinacheza mbele na nyuma. Bastola ikipiga teke, risasi ya juu inateleza nyuma, ukingo wake unaingia nyuma ya ukingo wa ile ya chini. Zimefungana. Hapo kuvuta slaidi hakusaidii kitu, unazidi kukaza. Inabidi utoe magazini, usukume risasi moja moja kwa kidole au kijiti. Kwenye bastola iliyobebwa kwa kujilinda, hiyo ni sawa na kutokuwa nayo.

.380 haina ukingo uliotokeza, kwa hiyo .32 NAA nayo haina. Halafu ina bega: ncha nyembamba inaingia kwenye mdomo mpana wa chemba, risasi inajipanga yenyewe. Kwenye kupanda ni kati ya risasi laini kabisa za bastola ndogo.

.25 NAA wao walianzia ganda la .32 ACP, na ule ukingo umebaki.

Sasa ubaya wa bega hilohilo. Ganda la .380 lina urefu wa milimita 17 tu. Ukitoa sehemu ya bega, shingo inayobaki kushika kichwa ni fupi mno. Risasi ikigonga njia ya kupandia mara kadhaa, kichwa kinaweza kusukumwa ndani ya ganda. Nafasi ya baruti ikipungua, shinikizo linapanda, na kwenye ganda dogo kiasi hicho linapanda haraka. Huyu wa kutoa risasi kila jioni na kuipandisha ileile kila asubuhi ndiye anayejitengenezea hatari.

Cha kufanya: chukua kalipa (kifaa cha kupimia urefu mdogo), pima urefu wa risasi mpya kutoka kwenye boksi, andika. Ile ya juu inayopandishwa mara kwa mara ipime kila baada ya kuipandisha. Ikipungua robo milimita, usiipige na usiirudishe kwenye magazini. Weka pembeni, peleka kwa muuza silaha. Na izungushe, risasi ya juu leo iwe ya chini kabisa wiki ijayo.

---

Ras Goba

Mzee umetisha. Hiyo ya kupima urefu inahusu .380 na 9mm pia au hii tu?

---

Mzee wa Maganda

Zote. Ila 9mm ina ganda lisilobanwa shingo linaloshika kichwa kwa eneo kubwa zaidi, kwa hiyo inavumilia. Hizi zenye shingo fupi hazina uvumilivu huo.

---

Bi Nyali

Mwana_Houston, wewe uko Texas, dukani unaingia na kutoka. Niseme kwa ajili ya wanaosoma uzi huu wakiwa huku kwetu, maana naona watu wanavyopiga mahesabu.

Kenya cheti cha silaha chini ya Cap 114 (Sheria ya Silaha) kinataja silaha yenyewe, na kwa risasi kinataja kiasi unachoruhusiwa kununua na kiasi unachoruhusiwa kuwa nacho kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ile dawa ya Wamarekani ya "nunua maboksi hamsini ufiche kabatini" haipo. Risasi ikiwa adimu na huwezi kujiwekea akiba, bastola inageuka chuma. Kiwanda cha Eldoret kinatengeneza 9×19. Hakuna atakayeagiza .32 NAA kwa ajili ya mteja mmoja.

Jambo la pili ni kuchanganya. Hata bila hizi za kipekee, watu wanaita "tisa" vitu vitatu tofauti: 9×17 ambayo ndiyo .380, 9×18 ambayo ni Makarov, na 9×19. Kichwa cha Makarov ni milimita 9.27, cha 9×19 ni 9.02. Ukimwambia mtu "nipe za tisa" hujasema kitu. Soma kilichoandikwa kwenye kitako cha ganda na kwenye mtutu, vilingane herufi kwa herufi.

---

Fundi Kufuli

Bi Nyali amegusa penyewe. Kwa .32 NAA kuchanganya kuna sura mbili.

.380 kwenye chemba ya .32 NAA: haiingii, kichwa cha 9mm kinakwama kwenye shingo ya chemba, slaidi haifungi. Ukiona slaidi haijafunga, USIISUKUME kwa kiganja. Toa magazini, toa risasi, soma kitako.

.32 NAA kwenye chemba ya .380: hii ndiyo mbaya, kwa sababu inaweza kuingia. Ganda ni lile la .380 lililobanwa. Kichwa ni chembamba kuliko mtutu, gesi inakipita pembeni, shingo inapasuka, risasi inaenda inakotaka yenyewe.

Nyumba yenye Guardian mbili za sura moja, moja .380 na nyingine .32 NAA, ni nyumba inayosubiri hilo. Fremu ni ileile, magazini ni zilezile. Weka alama ya rangi kwenye kitako cha magazini, na risasi zikae kwenye boksi lake la asili. Usizimwage kwenye kopo.

---

Nyaraka za Kale

Wakuu, hili si jipya hata kidogo. Mwaka 1913 Smith & Wesson walitoa bastola yao ya kwanza ya mfukoni yenye kujipandishia risasi, wakitumia hataza za Clement wa Ubelgiji. Badala ya kuifanya kwa .32 ACP, ambayo Colt alikuwa anaiuza kila kona, wakabuni yao: .35 Smith & Wesson Auto. Kichwa kilikuwa na shaba kwenye ncha tu, sehemu inayogusa mtutu ikaachwa madini laini ya risasi ili mtutu usilike. Wazo la kifundi halikuwa baya.

Zilitengenezwa kama 8,350 hivi, kwa takriban miaka minane. Risasi ilikuwa haipatikani. Wenye bastola wakaanza kutia .32 ACP, ambayo ni nyembamba kidogo kuliko chemba, maganda yakawa yanavimba na kupasuka. Mwaka 1924 kampuni ikarudi na bastola ya .32 ACP kama ilivyotakiwa tangu mwanzo, lakini Colt alishaondoka na soko. Ya pili haikufika hata elfu moja.

Na ukitaka kichekesho, tafuta 2.7mm Kolibri ya Austria, 1914. Kichwa gramu 0.2. Hiyo ilikuwa ya kujilinda.

Mfano wa karibu zaidi ni .45 GAP ya Glock, 2003, waliyoitengeneza na kampuni ya risasi ya Speer. Ganda la .45 lilifupishwa kutoka milimita 22.8 hadi 19.2 ili liingie kwenye mshiko wa ukubwa wa 9mm. Glock 39 ndiyo ndogo yake. Hii ilipata hata wateja wakubwa: polisi wa majimbo ya New York, Pennsylvania, Georgia, na askari wa barabara kuu wa South Carolina. Wote wakahama. Kama idara zenye bajeti ya serikali zilishindwa kuibeba .45 GAP, mtu mmoja na maboksi manne…

---

Shabiki wa Thelathini

Mnazika risasi zote kaburi moja. .30 Super Carry ya Federal (2022) haiko kundi la .32 NAA. Kichwa gramu 6.5, kasi 381, jouli 470. 9mm ya gramu 8 ina 490 hivi. Zinakaribiana mno. Na kwa kuwa ganda ni jembamba, Shield Plus ya Smith & Wesson ikiwa 9mm inabeba 10 au 13 kwenye magazini; ikiwa .30 inabeba 13 au 16. Ukubwa wa nje uleule. Risasi tatu za ziada kwenye bastola ndogo si jambo dogo.

---

Fundi Kufuli

Kiufundi ni kazi nzuri, sibishi. Ila tazama inalipiwaje. Shinikizo la juu la 9mm ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 35,000. .380 ni 21,500. .30 Super Carry ni 50,000. Ndivyo ganda jembamba linavyopata nguvu ya ganda nene. Mlio wake kwenye mtutu mfupi ni mkali, na bastola lazima ichorwe kwa shinikizo hilo.

Na risasi tatu za ziada ni hoja ya 2022 iliyojibiwa 2018. SIG P365 ilishaweka 10 za 9mm kwenye bastola ya ukubwa huo, kwa kupanga risasi kwa kupishana ndani ya magazini. Mteja aliyekwisha kupata 10 za 9mm, ambayo iko kila duka, haoni sababu ya kuhama kwa tatu.

---

Shabiki wa Thelathini

Sawa, ila usiseme haifanyi kazi. Inafanya.

---

Fundi Kufuli

Nani kasema haifanyi kazi? Hata .35 ya Smith & Wesson ilifanya kazi.

Na hapa ndipo ninapotaka Mwana_Houston asome taratibu, maana jibu lako liko hapa. .32 NAA ilibuniwa kutatua tatizo la bastola ambazo slaidi haifungani na mtutu. Kwenye Guardian, mtutu umeshikwa kwenye fremu na haujongei. Kinachoizuia slaidi isifunguke mapema ni uzito wake na springi tu. Ukitaka nguvu zaidi, slaidi lazima iwe nzito. Ndiyo maana Guardian ya .32 ACP ina gramu 383 hivi na ya .380/.32 NAA inafika 530. Springi nayo ni ngumu, kuvuta slaidi ni kazi. Risasi yenye msukumo mdogo na kasi kubwa ilikuwa njia ya kupata jouli bila kuongeza chuma.

Wengine wakapita njia nyingine. Kel-Tec P32 ya 1999 na P3AT ya 2003 mtutu unafungana na slaidi, vinarudi pamoja hatua chache, kisha mtutu unainama na kuachana. Slaidi inaweza kuwa nyepesi. Ruger LCP ikaja 2008, .380 kamili, gramu 266 hivi. Nusu ya Guardian! LCP Max ya 2021 inabeba 10 kwenye magazini. Yaani tatizo lilitatuliwa kwa mashine, na risasi ikabaki haina kazi ya kufanya.

---

Kiviringe

Nyie watu wa magazini mna shida za kujitakia. Kwenye rivolva kuna .327 Federal Magnum, 2007. Nayo ilikuwa ya kipekee na madukani haipatikani kirahisi. Lakini silinda ya .327 inapokea .32 H&R Magnum ya 1984, .32 S&W Long na .32 S&W ya kawaida. Ruger LCR ya .327 inabeba sita pale ambapo .38 inabeba tano. Ukikosa ya kwanza unatia ya pili, ukikosa ya pili unatia ya tatu.

Bastola ya magazini haina anasa hiyo. Urefu wa risasi ukibadilika magazini inakataa, nguvu ikibadilika springi inakataa. Kipimo changu kwa risasi yoyote ya kipekee ni hicho: ikikosekana, hiyo silaha inakula nini kingine? .32 NAA jibu ni hakuna.

---

Mwana_Houston

Nimewaelewa wakuu, madini haya. Nibane kidogo: maboksi manne ni risasi 80. Mimi si mtu wa kwenda uwanjani kila wiki. 80 hazitoshi kukaa nazo miaka?

---

Mzee wa Maganda

Piga hesabu. Bastola ya used ambayo hujui imepigwa kiasi gani, ipigwe risasi 50 za aina utakayobeba, mfululizo, kwa magazini zote mbili, bila kukwama. Na hizo 50 ni kidogo, wengi hudai 200. Baki 30.

Unabeba sita kwenye magazini na moja kwenye chemba, jumla saba. Magazini ya pili sita. Hizo 13. Baki 17.

Risasi za mfukoni hula jasho na vumbi la nguo. Baada ya mwaka unazipiga na kuweka 13 mpya. Baki 4.

Huo ni mwaka mmoja, na mazoezi hujafanya hata siku moja. Bastola ikikwama mara mbili kwenye zile 50 za mwanzo, utabadilisha springi na kuanza upya, na risasi za kuanzia upya huna.

Na usitegemee kuongeza baadaye. Ule uhaba wa 2020 na 2021 huko Marekani hata .380 ilipotea rafu, kwa sababu viwanda vilielekeza mashine kwenye 9mm na risasi za bunduki kwanza. Hizi za kipekee hutengenezwa kwa awamu, na awamu yake ndiyo ya kwanza kusogezwa.

---

Ras Goba

Na kujaza maganda mwenyewe? Nasikia Marekani ni ruksa.

---

Mzee wa Maganda

Ni ruksa, na .32 NAA ina unafuu kwamba ganda la .380 liko kila mahali na kichwa cha .312 kipo. Lakini daizi (vifaa vya kulitia ganda umbo) ni za kwake peke yake. Ganda la .380 likibanwa shingo linaweza kupata mkunjo au ufa, na mengine unayatupa. Na ile shingo fupi niliyoitaja, ikiwa haijabana sawasawa, kichwa kinazama ukiwa bado mezani. Vichwa vingi vya .32 vilivyopo sokoni ni vya rivolva, virefu na vizito, havifai humo. Kwa mtu ambaye hajawahi kujaza 9mm, hapa si pa kujifunzia. Huku kwetu msiguse kabisa, ni kesi.

---

Mwana_Houston

Na kuibadilisha iwe .380? Si mtutu tu?

---

Fundi Kufuli

Mtutu tu, ila mtutu wenyewe umefungwa kwenye fremu. Si wa kuchomoa mezani kama wa Glock. Ni kazi ya kiwanda au fundi mwenye vifaa. Kabla hujatoa hela, wapigie kiwanda na namba ya bastola mkononi, uliza kama wanaifanya kwa fremu hiyo na gharama yake pamoja na usafirishaji. Jumlisha na bei ya muuzaji. Jumla ikiwa chini ya .380 nzima dukani, nunua na uipeleke moja kwa moja. Ikizidi, muulize muuzaji kama ile Guardian ya .380 uliyolinganisha nayo bei bado ipo.

---

Mwana_Houston

Ipo. Jumamosi naenda kuiangalia. Kuna cha kukagua zaidi?

---

Mzee wa Maganda

Nenda na risasi bandia sita za .380. Zipandishe zote kwa mkono, magazini zote mbili, taratibu halafu kwa kasi. Angalia kikucha kinang'oa kila moja. Chungulia uso wa slaidi kwenye tundu la pini kama pameliwa. Na soma mtutu: iwe imeandikwa .380, si ".32".